Bi Rangi na Farasi Mweupe Aitwaye Makaa

Shangazi yangu aliota mvi akiwa na miaka ishirini na tisa. Watu wengine mvi huwaanzia pembeni kwa adabu, moja leo, nyingine mwakani. Zake zilimvamia kwa pamoja kama wageni wasiobisha hodi, na alipofika thelathini na tano kichwa kizima kilikuwa cheupe kama pamba. Wengine wangekimbilia dawa ya nywele. Yeye alikaa akachungulia faida. Kwenye foleni ya zahanati alisogezwa mbele. Ndani ya basi vijana walimpisha kiti, naye aliwashukuru kwa sauti ya kutetemeka, kisha akifika kituoni kwake anashuka na ngazi ya futi kumi begani na makopo mawili ya rangi mkononi, anatembea kama aliyebeba mwavuli.

"Nimepewa uzee bila magoti mabovu," alikuwa akisema. "Nani angeukataa?"

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi, na ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Bi Rangi. Alianza kwa kumshikia ngazi mumewe, na mumewe alipofariki akapanda yeye. Alipaka milango ya zahanati, mbao za vinyozi, mistari ya viwanja vya shule, na majeneza mawili ya watu waliotaka kwenda na rangi yao. Alikuwa na tabia ya kufumba macho nusu kila anapopima rangi. Alisema jicho likiwa wazi kabisa linadanganywa na uzuri, lakini ukilifumba kidogo, uzuri unaondoka na unabaki uzito wa rangi: ipi nzito, ipi nyepesi, na zipi ziko sawa hata kama majina yake yanatofautiana. Mtu akipita akamwona amesimama mbele ya ukuta macho nusu, alidhani bibi wa watu amesinzia.

Kosa lake lilikuwa moja tu, na alilibeba kama pambo: aliamini hakuna kiumbe mwenye macho anayeweza kumfundisha rangi.

Basi mwaka aliotimiza hamsini na moja akapata kazi kwenye uwanja wa farasi nje kidogo ya mji. Hapo palikuwa na farasi kumi na wanne, na watu wazima kwa watoto walikuwa wakija kujifunza kupanda. Mwenye uwanja alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili ambaye kila mtu alimwita Mrithi, kwa sababu alirithi. Kabla ya hapo alikuwa akiuza mafriji. Alikuwa mtu mwema, mwenye suruali zilizopigwa pasi, ila farasi aliwapima kwa kipimo alichokuwa nacho: kikipauka, kimechakaa.

Aliyewajua farasi ni saisi, yule mtunzaji wao, mwanamume mwembamba mwenye miguu iliyopinda kidogo na ulimi usiopinda hata kidogo. Alikuwa akiwalisha, akiwasugua, na akiwarusha viunzi mbele ya wageni. Kazi ya kwanza ya Bi Rangi ilikuwa kuandika kwenye mlango wa kila banda jina la farasi na rangi yake, na saisi alitakiwa kumtajia.

"Huyu mwekundu?" Bi Rangi aliuliza, brashi tayari.

"Anaitwa Shaba. Andika mwekundu. Mwili mwekundu, singa za shingoni nyekundu, mkia mwekundu."

"Na jirani yake, mwekundu pia?"

"Huyo wa kahawia. Tazama singa na mkia, vyeusi. Na miguu myeusi kuanzia magoti, kama kavaa soksi. Ukiwachanganya hawa wawili, dada yangu, watu watakucheka mpaka mji wa pili."

"Sijazoea kuchekwa."

"Hujazoea kuandika farasi pia."

Wakaendelea hivyo, wakichokozana mlango hadi mlango, mpaka wakafika banda la mwisho. Ndani alisimama farasi mweupe pe, pua ya rangi ya moshi, akitafuna kwa utulivu kama mtu anayesoma barua.

"Andika Makaa," saisi alisema. "Rangi, kijivu."

Bi Rangi alishusha brashi. "Kaka, mimi nipo kwenye rangi tangu wewe unanyoa ndevu za kwanza. Huyu ni mweupe."

"Ni kijivu."

"Ni mweupe kama yai."

"Yai la kuku gani?"

"La kuku yeyote mwenye akili. Na nani kamwita Makaa? Mnamsimanga mnyama wa watu?"

Saisi alichukua ndoo ya maji akammwagia farasi begani, kisha akayakandamiza manyoya kwa kiganja. Chini ya yale manyoya yaliyolowa ngozi ilionekana, nyeusi kama sufuria ya kuni.

"Alizaliwa mweusi tii," alisema. "Nilimpokea kwa mikono hii, nikamkata kitovu. Marehemu mzee, baba yake Mrithi, ndiye aliyempa jina. Kila mwaka zikamtoka nywele nyeupe zaidi, mara akawa na madoadoa, mara akawa kama unavyomwona. Ngozi haijabadilika. Hawa ndio tunaowaita kijivu. Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Farasi wa kijivu lazima awe na mzazi wa kijivu, haanguki kutoka mbinguni."

"Na umri?"

"Kumi na mmoja. Kwa farasi huo ni ujana uliopata akili."

Bi Rangi alimtazama farasi, na farasi akaacha kutafuna akamtazama yeye. "Kumbe ni ndugu yangu," alisema taratibu. "Na wewe wanakupisha kiti?" Akaandika: Makaa, kijivu. Herufi za mlango ule alizipamba kuliko za milango yote.

Baada ya milango zikafuata fito. Viunzi vya farasi vinajengwa kwa fito ndefu za mbao zilizolazwa juu ya vishikizo. Farasi akizigusa, zinaanguka, hakuna anayeumia isipokuwa heshima. Fito zilikuwa sitini, zenye pingili nyeupe na bluu zilizokuwa zikibanduka. Mrithi alitaka zirudishwe vilevile.

"Nyeupe na bluu ni rangi ya wodi," Bi Rangi alimwambia. "Mwanangu, una uwanja wa majani mazuri namna hii, unauwekea bandeji? Niachie mimi."

Alichanganya rangi siku nne. Alisimama katikati ya uwanja macho nusu, akaongeza, akapunguza, akajaribisha juu ya kipande cha mbao, mpaka akapata rangi ya chungwa iliyokaa na majani kama iliyozaliwa nayo: haikupiga kelele juu yake, haikuzama chini yake, uzito wao ulikuwa sawa sawa. Kisha akazipaka fito zote sitini rangi hiyo moja, bila pingili, bila nukta.

"Hiyo hata kipofu ataiona," alimwambia Mrithi alipomkabidhi kazi.

Na kweli ilipendeza. Wapita njia walisimama uzioni kutazama. Mrithi alipiga picha akaibandika kwenye ubao wa geti. Bi Rangi alirefusha njia yake ya kwenda dukani ili apite pale na kusikia watu wakisema.

Wiki ya pili ndipo fito zilipoanza kuanguka.

Makaa, aliyekuwa akiruka kimo cha kifua cha mtu bila kugusa, sasa alikuwa akifika mbele ya kiunzi kama mtu aliyekumbushwa jambo dakika ya mwisho. Alichelewa kuinuka, akanyanyua miguu kwa pupa, na ufito ukaanguka chini, ko. Farasi wengine nao waliangusha. Lakini hapa sikiliza vizuri mambo yalivyo duniani. Shaba akiangusha, Mrithi alisema mpandaji kavuta hatamu vibaya. Yule wa kahawia akiangusha, alisema majani yana umande. Makaa akiangusha, Mrithi alitikisa kichwa kwa huruma.

"Mzee huyu," alisema. "Macho yamekwisha."

"Ana miaka kumi na mmoja," saisi alisema.

"Saisi, mimi si mtoto. Mweupe hivyo, kumi na mmoja?"

Saisi alimfungua Makaa mdomo amwonyeshe meno, maana umri wa farasi unasomwa menoni. Mrithi aliinama akachungulia. Aliona meno marefu ya manjano, kama ya farasi wote.

"Unaona?" alisema. "Hata meno yamechakaa."

Jumanne akatangaza alichoamua. Kulikuwa na mpiga picha wa harusi aliyekuwa akitafuta farasi mweupe wa kusimama kando ya maharusi. Asingekimbia, asingeruka, angevalishwa maua ya karatasi shingoni na kutulia mbele ya kamera, leo bibi harusi huyu, kesho yule, hadi mwisho wa siku zake. Mpiga picha angekuja kumchukua Jumamosi.

"Ni kazi nyepesi, ya heshima," Mrithi alisema. "Inamfaa mzee."

Saisi aligeuka akaenda kuzoa samadi ambayo alikwisha kuizoa asubuhi. Bi Rangi alikuwa juu ya ngazi akimalizia kingo za paa, na maneno yote yalimfikia. Alishuka.

"Mwanangu," alimuuliza Mrithi, "unadhani mimi nina miaka mingapi?"

Mrithi alimtazama kichwani, akafikiri kwa nia njema kabisa. "Sabini, mama? Lakini hujachoka."

Bi Rangi alipanda tena ngazi. Saisi anasema alikaa huko juu muda mrefu akilitazama kopo la rangi na kukitazama kichwa cha Mrithi kilichokuwa chini, na kwamba lile kopo kutoanguka siku ile ni ushahidi kuwa mama yule alilelewa vizuri.

Jumatano wakati wa chakula alikaa kwenye majani karibu na uzio. Makaa alikuwa malishoni. Bi Rangi alikuwa na karoti tatu, akamrushia moja. Ilianguka hatua chache mbele yake. Farasi aliuona mkono ukirusha, akaja mbio mbio, kisha akasimama kama aliyepotelewa na funguo. Alipita kushoto kwa karoti. Akarudi, akaipita kulia. Mwisho alishusha pua, akaanza kunusa majani shubiri kwa shubiri, ndipo akaipata.

"Mh," alisema Bi Rangi. Akarusha ya pili. Ikawa hivyo hivyo.

Alitoa mfukoni kitambaa chake cha kufutia brashi, kitambaa cha bluu, akakikung'uta na kukitupa kwenye majani mbali kabisa, kwenye kona ya malisho. Makaa aliinua kichwa palepale. Masikio yakasimama, akapuliza pua, akazunguka kile kitambaa kwa mbali kama mtu anayeliepuka deni la jirani. Kipofu gani huyo anayetishwa na kitambaa kilicho hatua hamsini?

Bi Rangi akaiweka karoti ya tatu mbele ya miguu yake mwenyewe. Akafumba macho nusu. Rangi ya chungwa juu ya kijani, uzito sawa sawa. Kama zile fito alizozipaka yeye. Chakula kikamshinda.

Alimfuata saisi bandani. "Farasi wako haoni karoti."

"Na wewe umehamia upande wa Mrithi?"

"Sikusema haoni. Nimesema haoni karoti. Bluu anaiona vizuri mno."

Saisi aliacha kusugua. Akakumbuka kwamba zamani daktari wa mifugo aliwahi kumwambia kuwa jicho la farasi linajua bluu na linajua manjano, lakini nyekundu halina habari nayo. Kwamba nyekundu, chungwa na kijani kwake ni ndugu wanaovaa nguo moja. "Nikadhani daktari kachoka," saisi alisema. "Siku hiyo alikuwa ameamka saa tisa kwa ajili ya ng'ombe."

"Tumjaribu."

"Kwa karoti?"

"Karoti ina harufu. Hapa tunataka jicho peke yake."

Alhamisi asubuhi walipanga masanduku mawili yenye vifuniko. Ndani ya yote mawili waliweka chakula kilekile, ili pua isipate neno la kusema, ila kimoja cha vifuniko walikipigilia msumari kisifunguke. Kile kilichofunguka walikipaka bluu, kilichogoma kijani. Wakawa wanayabadilisha nafasi, mara bluu kushoto, mara kulia. Kabla ya saa nne Makaa alikuwa akienda moja kwa moja kwenye bluu na kuinua kifuniko kwa mdomo kama mwenye nyumba. Kisha wakabadilisha: kinachofunguka sasa chungwa, kinachogoma kijani, rangi zote mbili Bi Rangi amezichanganya macho nusu ziwe na uzito mmoja. Hapo Makaa akawa mcheza bahati nasibu. Mara huku, mara kule, mara anawatazama wao kama anayewauliza mchezo gani huu.

"Kamlete Shaba," Bi Rangi alisema.

Shaba, kijana, mwekundu, kipenzi cha Mrithi, alifanya yaleyale. Bluu aliijua. Chungwa na kijani vikamfanya mjinga.

Saisi alicheka kwanza, cheko la kupumua. Kisha akaona mwenzake hacheki. Bi Rangi alikuwa ameketi juu ya kopo lililofunikwa, anautazama uwanja, fito sitini zinawaka kwenye jua.

"Nimewachorea ukuta wa hewa," alisema. "Wanaruka kitu ambacho nimekificha mimi."

"Mwambie Mrithi."

"Nitamwambia nini? Kwamba Bi Rangi hajui rangi?"

"Ndiyo," saisi alisema, kwa upole kuliko kawaida yake. "Hilo hilo."

Alienda. Alijikaza akaenda, mchana uleule. Mrithi alimsikiliza hadi mwisho, mikono nyuma, halafu akacheka kwa heshima.

"Mama, wewe mwenyewe ulisema hata kipofu ataiona."

"Nilisema. Nilikuwa nawafikiria vipofu wa kibinadamu."

"Mimi naiona rangi hiyo kutoka barabarani. Na farasi ana macho makubwa kuliko yangu. Mama, najua unamhurumia mzee mwenzio. Lakini usiilaumu kazi yako nzuri kwa ajili yake."

Ni kejeli ya aina yake, kutaka kujishtaki na hakimu akakataa kesi. Bi Rangi alirudi bandani amekunja midomo. Saisi alimjua kidogo tayari, akajua midomo ile haijakunjwa kwa huzuni.

"Unafikiria nini, dada?"

"Nafikiria kwamba mtu haamini jicho la mwenzake mpaka la kwake limwangushe."

Ijumaa nzima alikuwa na ufito mmoja wa akiba na makopo matatu. Alipaka kijani, akaulaza kwenye majani, akarudi nyuma, akafumba macho nusu, akaufuta. Akaongeza manjano kidogo, tone la nyeusi, akaupaka tena. Mara ya tano aliulaza akaenda kunywa maji, na aliporudi hakuuona mpaka alipompata saisi amekaa chini karibu nao akisugua muundi wa mguu.

"Umekauka?" alimuuliza.

"Sijui kama umekauka. Najua upo."

"Basi umekwisha."

Jumamosi mpiga picha aliwasili na lori dogo, kamera shingoni na shada la maua ya karatasi mkononi kwa ajili ya kujaribisha. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, anayeongea kana kwamba kila wakati kuna bibi harusi karibu. Mrithi alimpokea getini akiwa na suruali nyeupe. Wakaanza kukatiza uwanja kuelekea mabandani. Ufito wa kijani ulikuwa umelazwa juu ya matofali mawili, kimo cha katikati ya muundi, katikati ya njia yao. Upande wa pili alisimama Bi Rangi.

"Mwanangu," aliita, "hebu njoo haraka kidogo. Kuna kasoro kwenye kiunzi hapa."

Mrithi aliongeza hatua. Alikuwa akimtazama yeye usoni, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomtazama mtu mzima anayemwita, na mguu wake wa kulia ukafika kabla yake. Alianguka kifudifudi, mikono mbele, kwa urefu wake wote. Mpiga picha, kwa mazoea ya kazi, akapiga picha.

Bi Rangi alimsogelea akainama. "Pole, mwanangu. Una miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili," Mrithi alisema akitema jani. "Nani kaweka—"

"Macho unaona vizuri?"

"Naona vizuri, mama. Huu ufito hauonekani."

"Mimi nauona." Akamgeukia mpiga picha. "Bwana, na huyu utamchukua? Hana matata. Unamvisha maua shingoni anasimama tu. Kazi nyepesi, ya heshima."

Mpiga picha aliitazama suruali, iliyokuwa na mistari miwili ya kijani magotini. "Ningemchukua," alisema, "lakini keshachafuka."

Saisi, aliyekuwa amejificha nyuma ya Makaa, aliegemeza paji la uso kwenye tandiko na mabega yakawa yanamtikisika.

Hapo Bi Rangi angeweza kuishia, na watu wangecheka, na farasi angepandishwa kwenye lori watu wakiendelea kucheka. Akaketi kwenye majani kando ya Mrithi. Hakuzungusha maneno.

"Ulivyoanguka wewe ndivyo anavyoanguka yeye," alisema. "Kijani juu ya kijani kimekushinda na una akili zako. Kwake yeye chungwa juu ya majani ndiyo hiyohiyo. Si Makaa peke yake, hata Shaba wako. Fito za zamani walikuwa wanaziona, ile nyeupe na ile bluu. Mimi nikazifuta kwa sababu nilitaka watu wasimame barabarani wanisifu. Farasi wako si mzee wala si kipofu. Aliyekosea ni mimi, na nimekosea mara sitini."

Mrithi aliondoa majani kwenye kola. "Nionyeshe," alisema.

Walimwonyesha. Saisi alimpanda Makaa akamwelekeza kwenye kiunzi cha chungwa. Makaa alichelewa, akajinyanyua ovyo, ko, ufito ukaanguka. Wakaurudisha. Bi Rangi akachukua ndoo ya chokaa na brashi pana, akauchapa ule ufito pingili nene nyeupe, haraka haraka, bila urembo, chokaa ikimtiririka hadi kwenye kiwiko. Saisi akarudi nyuma, akaja. Safari hii masikio ya farasi yalikaa mbele tangu mbali, hatua zake zikajipima zenyewe, akainuka mapema na kupita juu, kati ya kwato zake na ufito ikabaki nafasi ya kupitisha mkono. Alipotua alitikisa singa, akaomba kurudia.

"Bahati," Mrithi alisema, lakini alisema kama anayeuliza. "Mlete Shaba."

Shaba aliangusha chungwa. Shaba akapita juu ya chokaa.

Mrithi alichuchumaa palepale na suruali yake. Alifumba jicho moja akatazama fito, akafumba la pili. "Na mimi nikawa nawafokea wapandaji," alisema.

"Ulisema kavuta hatamu vibaya," saisi alikumbusha kutoka juu ya tandiko, kwa faida ya wote.

"Saisi. Ni kweli ana miaka kumi na mmoja?"

"Wewe ulikuwa unafanya kazi ya mafriji. Mimi nilikuwa namkata kitovu."

Mrithi alisimama, akamwendea mpiga picha, akampa mkono. "Samahani kwa kukuchosha njia. Huyu hauzwi."

Mpiga picha hakukasirika, alihuzunika tu, shada la maua likimning'inia mkononi. "Wateja wangu wanataka mweupe," alisema. "Hawa wengine wote ni wekundu na wa kahawia. Nitafanyaje?"

Bi Rangi aliitazama ndoo ya chokaa. Kisha akamtazama Shaba, kuanzia masikioni hadi mkiani, macho nusu.

"Usithubutu, dada," saisi alisema.

"Nimesema neno?"

"Umefumba macho."

Jumatatu alianza kuzifuta kazi zake mwenyewe. Hakuna adhabu inayomfaa fundi kama msasa. Aliparuza rangi ya chungwa ufito baada ya ufito, vumbi lake likimkaa kwenye mvi mpaka akawa, kwa maneno ya saisi, mwekundu kamili mwenye singa nyekundu. Alipaka nyeupe, akasubiri, akapaka pingili za bluu. Mrithi alikuja siku ya kwanza akasimama kando yake na brashi ya pili, akauliza kwa haya aanzie wapi, na baada ya nusu saa Bi Rangi akamwambia kwa upendo wote aende akaangalie kama geti limefungwa.

Tatizo lilikuwa saisi. Hakuwa na subira ya rangi kukauka. Kila viunzi viwili vitatu vikikamilika, alimtoa Makaa, kisha Shaba, na kuwarusha juu yake, rangi bado mbichi, na Bi Rangi akimpigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja. Alikuwa akija mbio na brashi, tayari kuziba mikwaruzo na kumtukana mtu. Aliinama akakagua ufito kutoka mwanzo hadi mwisho, maana rangi mbichi haifichi siri. Ukiigusa hata kwa unyoya inabaki na habari zako. Siku ya kwanza hakukuta unywele mweupe hata mmoja. Siku ya pili hakukuta. Siku ya tatu aliinama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akainuka, akampiga Makaa shingoni kofi dogo la kirafiki, akaenda zake bila tusi.

Siku ya nne akaukuta. Ulikuwa umenasa kwenye pingili ya bluu, mrefu kama kidole. Aliung'oa kwa kucha mbili, akauweka juu ya kipande cha karatasi safi, akaubeba kwa mikono yote miwili hadi ofisini kwa Mrithi, akaubwaga mezani mbele yake. Ulikuwa mwekundu.

"Mwanangu," alisema, akivuta kiti na kuketi. "Huyu Shaba wako naona anaanza kuzeeka."